Pasipoti Haikuwepo Leba

Mimi nilitangulia kutoka, pacha wangu akafuata. Mama anasema kati yetu nesi alipata muda wa kunawa mikono tu. Tulizaliwa hospitali ya mjini Singida, tukakulia Mwankoko, kwenye nyumba yenye shamba la alizeti nyuma na barabara ya vumbi mbele, na mpaka tulipofika darasa la tatu sikumbuki kitu ambacho mmoja wetu alikuwa nacho mwenzake akakikosa. Hata surua tuliugua pamoja.

Halafu nikaanza kuumwa nyonga, peke yangu. Miaka miwili nilikuwa mtu wa wodini na kitandani, mama akinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, na pacha akaendelea na shule. Nilipopona, baba alinipeleka shule nyingine, na mwalimu mkuu wa pale akamshauri anipunguze miaka kwenye fomu ili nisionekane mkubwa kuliko wenzangu darasani. Baba akaona ni ushauri wa busara. Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo wakati huo. Vilipokuja kutafutwa, viliandikwa kwa kufuata kumbukumbu za shule. Basi kwa mujibu wa karatasi, mama yetu alizaa pacha mmoja, akapumzika miaka miwili, ndipo akamzaa yule mwingine.

Nyumbani lilikuwa jambo la kuchekesha. Kwangu halikuchekesha sana. Pacha alivaa sketi ya sekondari mimi bado niko na sare ya msingi. Alikwenda bweni, akarudi na namna mpya ya kucheka, kicheko cha puani, ambacho sikujua alikitoa wapi. Alipoingia chuo mimi nilikuwa bado naamshwa na kengele ya asubuhi. Taratibu watu wa mtaani wakaanza kusahau. "Mdogo wako hajambo?" walimwuliza, nami nimesimama pale pale, na uso ule ule. Yeye alijibu, "Hajambo." Hakuwahi kusema, "Huyo ndiye mkubwa." Nilikuwa nasubiri aseme, na kila mara nilipolikosa neno hilo niliweka kinyongo mahali.

Nilipomaliza kidato cha sita, mama mdogo akanichukua dukani kwake. Mama mdogo ni mdogo wake mama yetu, ana duka la nguo za akina mama karibu na soko kuu, na mzigo wake mwingi unatoka Dubai. Yeye na simu za kisasa hawaelewani, kwa hiyo mimi ndiye niliyewasiliana na mtu wake wa huko: kijana wa Kinyiramba, mzaliwa wa Ulemo, aliyekuwa akiwapokea wafanyabiashara kutoka nyumbani, akiwazungusha madukani na kuwafungia mizigo. Nilimtumia picha za magauni tunayotaka, yeye akanirudishia bei na rangi. Baadaye akawa ananitumia ujumbe wa sauti, kwa sababu alisema kuandika kunamchelewesha. Ana sauti nzito, isiyo na haraka. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza kama bado watu wanauza vitunguu barabarani pale barabara inapopanda mlima. Mara moja aliniimbia kipande cha wimbo wa kwao wa kuvuna, kwa Kinyiramba, akakatisha katikati kwa aibu. Nilikuwa nausikiliza ujumbe ule nikikunja nguo, nikiurudia, mpaka mama mdogo akauliza kama huyo kijana hana shairi jipya.

Mwaka uliofuata mama mdogo akaamua kwenda mwenyewe, na akasema atakwenda na sisi wote wawili. Msijidanganye kwamba ni mapenzi, alisema. Kila abiria ana haki ya kilo zake za mizigo, na kilo zetu zilikuwa nafuu kuliko kulipia kago. Pacha alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, hana kazi, akafurahi. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine, na nikashona gauni.

Tulikwenda kwa basi hadi Dodoma, tukashika treni ya umeme mpaka Dar, tukapanda ndege. Alitupokea uwanja wa ndege. Alimpa mama mdogo shikamoo yake, akatugeukia sisi, akasimama. "Sasa yupi ndiye wa dukani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Nimekujua kwa sauti," akasema, na akachukua begi langu kabla ya lingine lolote. Siku tatu zilizofuata, katika maduka yale ya mtaa wa Deira, kwenye marundo ya nguo, nilitembea karibu naye na kusoma orodha ya mama mdogo kwa sauti, na kila niliposoma kitu alisema, "Nimekusikia, dada." Pacha alikuwa nyuma na mama mdogo, analalamika miguu. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile, na mojawapo ya sababu ni kwamba yeye alikuwa nyuma.

Siku ya mwisho, mizigo ikiwa imeshafungwa, kijana akasema tusiondoke bila kupongezana. Kulikuwa na hoteli moja yenye ukumbi wa kula na muziki, watu wa Afrika Mashariki hukutana pale jioni, na bia inapatikana. "Huku hainunuliwi kila kona kama kwetu," akatueleza. "Kuna sehemu zenye kibali tu. Mbebe pasipoti, mlangoni wanaangalia."

Mama mdogo miguu ilikuwa imemvimba, akabaki chumbani. Tukaenda watatu. Mimi nimevaa gauni langu jipya.

Kuhusu pasipoti sikuwaza chochote. Kwetu sheria ni miaka kumi na minane, na imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kila grosari, lakini sijawahi kuona mtu akiulizwa. Sisi wenyewe tulitumwa bia na baba mdogo tukiwa hatufikii kaunta, na mwenye grosari alichoangalia ni kama tumeleta chupa tupu. Kwangu mimi umri wa kunywa ulikuwa kitu kinachosemwa na uso wa mtu na watu aliokaa nao.

Mlangoni alisimama kijana wa Kenya, mrefu, mwenye suti nyeusi. Tuliposikia Kiswahili chake tukafurahi kama tumekutana na ndugu. Akachukua pasipoti ya kijana wetu, akairudisha. Akachukua ya pacha, akamtazama, akairudisha. Akachukua yangu, akaitazama muda mrefu zaidi.

"Huyu ako sawa," akasema, akimwonyesha pacha. "Huyu hawezi ingia. Hapa ni miaka ishirini na moja. Wewe uko na ishirini."

"Hapana, kaka," nikasema. "Sisi ni mapacha."

Akazilinganisha pasipoti mbili. Akatutazama sisi, sura moja mara mbili. "Mapacha gani wamepishana miaka miwili? Ama mama yenu alienda kupumzika kwanza?"

Utani ule ule wa nyumbani, umenifuata mpaka Arabuni. Nikajaribu kueleza: nyonga, shule, mwalimu mkuu. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yale yanavyofanana na uongo wa mtoto anayetaka bia. Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kupanga foleni.

"Dada, mimi naamini," yule Mkenya akasema kwa upole. "Lakini nikikuingiza na wakague, kazi yangu imeenda. Kaa pale kwa viti, nitaambia wakuletee juisi."

Nikamtazama pacha. Sasa hivi, niliwaza, sasa hivi atasema. Naye akasema, "Ni kweli, karatasi zake zilikosewa," lakini alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetimiza wajibu, na macho yake yalikuwa yameshavuka mlango. Muziki ulikuwa unapigwa. Kijana wetu akacheka, cheko jema, lisilo na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniua. "Kumbe mnatuambia mapacha, kumbe mnafanana tu," akasema. Akanigeukia. "Pole, mdogo wangu."

Mdogo wangu. Jioni ile ile, dakika chache nyuma, nilikuwa dada.

"Twende wote tukale mahali pengine," pacha akasema.

"Nimeshaagiza chakula," kijana akasema. "Na jamaa zangu wanatusubiri ndani. Labda tukae kidogo tu, tutoke."

"Nendeni," nikasema. "Nendeni tu, mimi nimechoka."

Wakaenda.

Nilikaa kwenye kochi la ngozi, nikaletewa juisi ya embe kwenye glasi ndefu yenye kijimwavuli cha karatasi, kitu cha kumpa mtoto. Ukuta wa ukumbi ule ulikuwa wa kioo cheusi kidogo, na ukiinamisha kichwa uliona meza za mwanzo. Niliinamisha kichwa. Niliona kijana anamvutia pacha kiti. Niliona chupa ya kijani ikiletwa, ikafunguliwa, ikamiminwa kwenye glasi kwa kuinamishwa, povu likapanda. Pacha akanywa, akakunja uso, akafuta mdomo kwa kiganja, kisha wakacheka meza nzima. Alicheka kile kicheko cha puani. Nilitaka kuvunja kioo. Nilimwonea wivu kwa kiti, kwa glasi, kwa ile miaka miwili ambayo hakuwahi kuiomba wala kuifanyia kazi, alipewa tu kwa sababu nyonga iliyougua ilikuwa yangu. Nilikunywa juisi mpaka mrija ukakoroma.

Waliporudi, pacha alininong'oneza, "Chungu kama mwarobaini, hujakosa kitu." Alikuwa ananukia bia na moshi wa nyama. Nilimwambia asinisogelee.

Siku iliyofuata kwenye duka la uwanja wa ndege mama mdogo alitaka kila mmoja wetu abebe chupa ya mvinyo, zawadi ya shemeji zake. Dada wa kaunta akaangalia pasipoti, akazikubali chupa mbili, akairudisha yangu rafuni. "Mzigo wake mmepima kama mtu mzima!" mama mdogo akamaka, kwa Kiswahili, kwa mwanamke asiyejua neno moja la Kiswahili. Pacha alinibana mkono akitaka tucheke wote. Nikautoa mkono wangu. Na ndani ya ndege, mhudumu alipopita na kigari chake akaniuliza nataka kunywa nini, nilionyesha kidole kwenye kichupa cha mvinyo mwekundu, naye akanipa bila kuuliza mwaka wala mwezi. Nilikunywa chote, bila kukunja uso, nikimtazama pacha mpaka akageukia dirisha. Nilitapika tukiwa tunashuka Dar.

Tuliporudi Singida, simu ya dukani ikawa ya biashara kwelikweli. Bei, rangi, tarehe ya mzigo. Sauti nzito ilikuwa imehamia kwenye simu nyingine. Tulilala chumba kimoja, kwa hiyo niliisikia: pacha aliweka sauti chini kabisa na kufunika simu kwa khanga, lakini nilishaijua sauti ile kiasi kwamba mngurumo wake tu ulinitosha. Siku aliyomwimbia wimbo wa kuvuna niliusikia hadi mwisho. Kwangu aliishia katikati.

Baadaye akanitumia ujumbe, kwangu mimi. "Mdogo wangu, nakuja likizo. Dada yako anapenda nini nimletee?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye mkubwa wake."

Akanirudishia katuni ya uso unaolia kwa kucheka.

Alikuja wakati alizeti zimeshavunwa. Alikuja rasmi, na baba yake mkubwa kutoka Ulemo, mzee mwenye kofia na maneno machache. Mama alichinja kuku wawili, baba akavaa koti. Sisi tuliitwa kuleta maji ya kunawa, tukawapa wazee shikamoo, tukakaa kwenye mkeka. Mzee alizungumza mvua, akazungumza bei ya mashudu, hatimaye akasema kijana wake ameona ua kwenye boma hili. Halafu akatutazama wote wawili, akatabasamu kwa wasiwasi.

"Naona maua ni mawili na yamefanana," akasema. "Mkubwa ni yupi? Maana kwetu hatupendi mdogo amruke mkubwa."

"Mkubwa ni huyu," mama akasema, akaweka mkono begani kwangu.

Kijana akainua kichwa. Alidhani mama amechanganya. Kwa adabu yote akasema, "Samahani mama, nadhani ni yule. Niliona mwenyewe kwenye pasipoti."

Mama yangu ni mtu mpole, hana ugomvi na wageni. Lakini alimgeukia kijana yule taratibu.

"Baba, pasipoti ilikuwepo leba?"

Baba yetu akakohoa. Mzee wa Ulemo akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mama akaeleza yote, na alipoyaeleza yeye hayakufanana na uongo hata kidogo: alivyonibeba mgongoni, mwalimu mkuu alivyosema, baba alivyokubali bila kumwuliza. Hapo baba alitazama viatu vyake. Nilimtazama kijana. Niliona maelezo yakimwingia polepole, na niliona aibu, na nilifurahi.

"Kwa hiyo siku ile mlangoni ulikuwa unasema kweli," akaniambia.

"Nilikuambia pale pale."

"Nilikusikia. Nikamwamini mlinzi."

Wazee walikubaliana kwamba mapacha hawarukani, kwa kuwa wamekuja safari moja. Waliulizana hilo kwa dakika chache tu huku mimi nimekaa hapo. Mzee aliniuliza kama nina kinyongo. Mtu anajibu nini, mbele ya wageni, na kuku wameshaiva? Nilisema sina.

Tulikutana na pacha uani, tunaosha vyombo. Alisugua sufuria moja kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unampenda?" akauliza.

"Ungeniuliza mlangoni."

"Ulisema twende."

"Nilisema kwa mdomo."

"Sasa ulitaka nisikie nini kingine?" Sauti ilikuwa imempanda, mikono imejaa majivu. "Kila siku unanisubiri nisome kichwani mwako. Unanyamaza, halafu unanichukia kwa nisichokisikia. Mimi nimechoka kuwa na deni nisilolijua. Mtu akiniita mkubwa unanitazama kama mwizi. Niliandika mimi hiyo fomu?"

Nilijua kwamba anasema kweli, na ukweli wake haukunipunguzia kitu. Nilimwambia kwamba kama angemsahihisha mtu mmoja tu, hata mama muuza maandazi, ingetosha. Alifikiri kidogo, akasema, "Nilipenda kuwa mkubwa. Kidogo." Kisha akalia, na mimi nikalia, kila mtu kwa upande wake wa beseni, hatukukumbatiana wala nini. Mama alipita na sinia, akatukuta, akarudi ndani.

Walioana kanisani kwetu. Nilimsimamia kumvalisha, na mwanamke wa saluni alitukosea mara mbili, akaanza kunipaka mimi poda ya bibi harusi. Kijana alirudi Dubai kazini, pacha akaenda kuishi Ulemo kwa mama mkwe wake akisubiri kibali cha kumfuata. Mimi nilibaki na chumba kizima. Nilidhani usiku wa kwanza nitalala nikimwaza mume. Nilishangaa kwamba sikumwaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza nani anamkuna pacha mgongoni pale asipofika mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Ana ujauzito, amenenepa mashavu, na kwa mara ya kwanza maishani mtu anaweza kututofautisha kwa mbali. Wadogo wa mumewe walinipa shikamoo nikiwa bado getini, kwa kuwa, walisema, shemeji amewaambia kwamba anakuja dada yake mkubwa. Nilimtazama. Yeye alikuwa anapanga viti.

Ningependa kusema kwamba hapo wivu uliisha. Jioni mama mkwe alileta chai. Alinimiminia mimi, akanipa, akauliza kama sukari inatosha. Halafu akachukua kikombe cha pacha, akatia chumvi kidogo kwa ncha ya kijiko, akakoroga, akampa, bila kuuliza. Pacha anakunywa chai yenye chumvi kidogo tangu tukiwa watoto, na mtu pekee aliyekuwa akiijua ile ncha ya kijiko, hata mama hakuwahi kuipatia, ni mimi. Akanywa, akafumba macho.

"Imekaa sawa?" mama mkwe akamwuliza.

"Sawa kabisa, mama," pacha akasema.